Bei ya Mwezi Nane, Mfungo Saba

Nilimwogopa Mwalimu kabla sijajua kumwogopa Mungu. Najua angenirudisha kwa sentensi hiyo, lakini ndiyo ya kweli kuliko zote nilizojaribu kuanzia, na nimejaribu nyingi. Nilikuwa na miaka sita. Nikisikia makubazi yake yakishuka ngazi za ndani, aya niliyoihifadhi usiku kucha ilinitoka kichwani kama maji kwenye kikapu.

Hakuwa na fimbo. Chuo chake cha Kurani kilikuwa chumba cha chini cha nyumba yake mtaani kwetu Lamu, mikeka miwili na wasichana kumi na watano, na silaha yake ilikuwa neno moja: "Rejea." Ukikosea herufi hakukwambia umekosea wapi. Alisema "Rejea" huku amefumba macho, nawe ukarudi mwanzo wa aya ukijua kwamba mahali fulani kati ya hapa na pale kuna kosa linakungoja. Ukilipita bila kuliona, "Rejea." Sauti yake haikupanda. Siku moja nilirejea aya ile ile mara tisa, na mara ya tisa nilijikojolea mkekani, nikaendelea kusoma.

Aliwatoa wenzangu wote nje. Aliufua ule mkeka kwa mikono yake mwenyewe, wala hakumwambia mama yangu. Kisha akaketi kando yangu, akakishika kidole changu cha shahada, akakiweka juu ya herufi ya kwanza, akakisogeza polepole mpaka mwisho wa mstari. "Herufi waijua," alisema. "Hofu ndiyo iliyokula sauti yako." Toka siku hiyo, kila niliposhikwa na hofu, nilikitafuta kile kidole chake kilichokishika changu. Na toka siku hiyo pia nilijifundisha kuhakiki kila kitu mara saba, ili pasiwe tena na mtu wa kuniambia nirejee. Hilo la pili hakunifundisha yeye. Nililitunga mwenyewe, na ndilo lililokuja kutuumiza sote wawili.

Watu wa mtaani walimjua kwa ukali wa mdomo. Palikuwa na mchuuzi aliyeleta samaki kutoka Kizingitini, akipita mlango hadi mlango na ndoo yake, na kwa Mwalimu alikuwa akikaa nusu saa nzima.

"Bi Mwalimu, wanitoa roho kwa shilingi kumi!"

"Kwani roho yako haifiki shilingi kumi? Basi nipunguzie ishirini."

"Huyu changu ni wa alfajiri, tazama mato yake yalivyo maangavu."

"Mato yake yamenitazama yakaniambia ni wa yana, si wa alfajiri ya yeo."

Akishashinda, aliwakata samaki vipande, na nusu ikapelekwa nyumba ya jirani kabla hata chungu hakijapata moto. Nilipomuuliza kwa nini ateseke kwa shilingi kumi kisha agawe samaki wa mia tatu, alinijibu kuwa bei ni jambo moja na sadaka ni jambo jingine, na mtu akiyachanganya atakosa yote mawili. Sikumwelewa. Nilidhani ni ubahili wenye haya.

Mtu huyu aliyetutisha sote alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa haki ya mtu. Aliwahi kurudi kutoka arusini akagundua amevaa makubazi ya mtu mwingine. Aliyavua, akayaweka dakani, penye mlango wa mbele, akaketi kando yake miguu mitupu toka asubuhi mpaka mwenye makubazi alipopita saa kumi jioni. Hakukubali kuingia ndani ya nyumba hata kwenda kula. Alikuwa akisema, "Swala nikiipunguza, nitasimama na Mola wangu, yeye Mwingi wa rehema. Haki ya mja nikiipunguza, nitasimama na mja, na mja hana rehema." Alilisema hilo kama mtu anayetaja jina la nyoka.

Na ndiyo sababu alikuwa na uhusiano wa ajabu na bei za hisa.

Marehemu mumewe aliwahi kununua hisa za kampuni moja kubwa ya bara, wakati ilipowauzia wananchi. Alipofariki na mirathi ikagawanywa, hisa elfu nane zilimwangukia Mwalimu. Siku ya mgawanyo ilikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi uandame, Mfungo Saba. Mfungo Saba ni ule mwezi unaofuata Maulidi, wakati wageni wameshaondoka na mji unafagiwa. Toka hapo mwaka wake wa zaka ukawa unatimia siku hiyo. Alimwendea sheikh kuuliza, akarudi na kanuni moja aliyoishika kama nguzo ya nyumba: hutazami bei uliyonunulia wala bei unayoitamani. Watazama bei ya siku mwaka unapotimia, wazidisha kwa hisa ulizonazo siku hiyo, na sehemu moja katika arobaini ni ya maskini.

Basi kila mwaka, kesho yake mwezi nane, mwanamke huyu ambaye hakusoma shule ya serikali hata siku moja alikuwa akiketi barazani mwa duka la magazeti baada ya adhuhuri, amejifunga buibui lake, akingoja. Magazeti huja kwa ndege mpaka Manda, yakavushwa kwa mashua, na bei zilizomo ni za jana yake. Mwenye duka alimjua.

"Haya Mwalimu, yeo umepanda au umeshuka?"

"Mimi niko papa hapa barazani. Nisomee."

"Nikikusomea utanipa nini katika huo utajiri?"

"Nitakuombea dua upunguze maneno. Nisomee."

Alisomewa, akarudi kwake, akaiandika bei ile katika daftari lenye jalada la kijani kwa tarakimu za Kiarabu. Mwaka mmoja, mstari mmoja. Hakuwa na haja ya siku nyingine zote. Bei ilipopanda hakufurahi, ilipoanguka hakuhuzunika. Kwake kampuni ile ilikuwa ikiishi siku moja tu kwa mwaka.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Yeye alisema ni uzee, akakataa kusafiri. Daftari lilikoma. Angeweza kumtuma mtu, lakini hakumwamini mtu kumsomea na kumwandikia vyote viwili, kwa hivyo miaka saba alitoa kwa kukisia: elfu saba kila mwaka, iwe iwavyo. Sehemu kubwa ilikwenda kwa Bi Saumu, mjane anayekaanga viazi pembeni mwa njia yetu, ambaye kwa fedha hiyo aliezeka makuti mapya kabla ya mvua.

Miaka ile saba ilimla. Alikuwa akishtuka katikati ya mazungumzo na kusema, "Na kama ilikuwa zaidi?" Ndipo aliponiita.

Lazima niseme nilivyokuwa wakati huo, ingawa naona aibu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeishia kidato cha nne, na nilikuwa nikiwajazia watu fomu za serikali mtandaoni kwa kompyuta kuukuu isiyokuwa na kibonyezo cha herufi M. Majedwali na hesabu nilijifundisha kwa kutazama video juu ya dari ya nyumba yetu, mahali pekee mtandao unaposhika vizuri. Hakuna aliyewahi kunipa cheti. Kila siku nilingoja mtu aje aniambie kwamba sijui lolote. Na sasa Mwalimu, mwenyewe, ananiita.

"Nimesikia hiyo mashine yako yakumbuka bei za zamani."

"Yakumbuka, Mwalimu. Za kila siku, miaka yote."

"Hata siku za mwezi nane, Mfungo Saba?"

"Hata hizo."

"Ndoo basi, sogea hapa. Keti."

Nilifanya kazi ile wiki tatu. Kugeuza tarehe za mwezi ziwe za kalenda ya ukutani si jambo jepesi, kwa sababu siku yetu huanza magharibi, na kwa sababu mji wetu haukubaliani kuhusu mwandamo: wako wafuatao mwezi ulioonekana mbali, na wako wasioamini mpaka uonekane hapa. Kwa hivyo kila mwaka nilikuwa na siku mbili, pengine moja ikaangukia Jumamosi, soko limefungwa. Mwalimu aliamua. Soko likiwa limefungwa, chukua bei ya mwisho kabla ya hapo. Na siku zikiwa mbili? "Ukishuku, chukua iliyo kubwa. Maskini asipate hasara kwa sababu ya mawingu."

Nilipata bei zote kwenye tovuti moja inayoweka historia ya soko. Safu ya tarehe, safu ya bei ya kufunga. Nilizinakili, nikazihakiki mara saba, kila mara nikianzia mwanzo. Idadi ya hisa niliichukua kwenye karatasi za gawio la faida ambazo kampuni ilimpelekea kila mwaka: miaka minne ya kwanza elfu nane, miaka mitatu iliyofuata elfu kumi na sita. Niliona zimeongezeka maradufu, nikajiambia kwamba mwanawe wa Mombasa alimnunulia nyingine. Sikumuuliza. Mwalimu hakupenda swali, au mimi niliogopa kumjia na swali, sijui tena lipi kati ya hayo lilikuwa kweli.

Na kuna jambo jingine niliona. Mstari wa mwisho katika daftari la kijani ulisema hamsini. Mstari wa kwanza katika jedwali langu, mwaka mmoja tu baadaye, ulisema ishirini na nne. Hata yeye, bila macho, aliliona.

"Ishirini na nne? Ilianguka hivyo?"

"Ilianguka, Mwalimu," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Hapo ndipo nilipokosea, na hakuna aliyesema "Rejea."

Jumla yangu ilionyesha kwamba kwa miaka saba alistahili kutoa elfu arobaini na tatu. Alikuwa ametoa arobaini na tisa. Nilimsomea. Alijifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani, na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona analia. "Miaka saba," alisema, "miaka saba nalala na jiwe kifuani." Alimuuliza sheikh kuhusu ile elfu sita iliyozidi, akaambiwa kwa kuwa aliitoa kwa nia ya zaka, aweza kuihesabia mwaka unaokuja. Mwaka uliofuata hesabu ilitoka elfu sita kamili. Nilishangilia jinsi zilivyolingana, kama kwamba Mungu mwenyewe amelitia jedwali langu muhuri. Mwaka ule Mwalimu hakutoa kitu. Mimi alininunulia leso.

Nilikuwa nimeivaa leso ile nilipopita kwa Bi Saumu mwezi huo. Alikuwa akigeuza viazi.

"Mwalimu hajambo?"

"Hajambo, Bi Saumu."

"Mwambie namsalimu sana." Aligeuza viazi viwili vitatu. "Mwambie... basi, namsalimu tu."

Nikapita. Mvua za mwaka ule zilimkuta na makuti ya zamani.

Miezi ilipita, moyo wa Mwalimu ukaanza kuchoka. Alikuwa akipanda ngazi tatu na kusimama. Mwanawe alipanga apasuliwe moyo Mombasa baada ya Idi, na safari hii hakuweza kukataa. Ilipoingia Shaabani, Mwanaidi, binti yake anayeishi naye, aliniita tuisafishe nyumba kabla ya Ramadhani kama ilivyo ada. Tulishusha bakuli na sahani za kale kutoka kwenye zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, moja moja, tukiogopa hata kupumua. Chini ya bakuli palitandikwa gazeti. Nililivuta nilitupe, na macho yangu yakaangukia safu za bei.

Niliitafuta kampuni ile kwa mazoea tu. Tarehe ilikuwa ya mwaka wa kwanza wa jedwali langu, kesho yake mwezi nane. Bei zangu nilizijua kwa moyo kama juzuu: ishirini na nne. Gazeti lilisema arobaini na nane.

"Wewe, mbona umekuwa kama umeona jini?" Mwanaidi aliniuliza.

"Vumbi," nilisema.

Nililiweka gazeti kifuani, ndani ya nguo, nikaenda nalo nyumbani. Nilijiambia wachapaji wamekosea. Kisha nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo: nikasoma yale maelezo ya herufi ndogo chini ya tovuti, ambayo mara zote saba nilikuwa nimeyapita. Kati ya mwaka wa nne na wa tano, kampuni ilimpa kila mwenye hisa hisa nyingine moja bure kwa kila moja aliyonayo. Mali haikuongezeka. Mkate wa sinia ni ule ule, umekatwa vipande kumi na sita badala ya vinane, na kila kipande kikawa nusu. Siku hiyo bei ilishuka nusu. Na ile tovuti, ili mchoro wa bei usionekane umetumbukia shimoni, ilirudi nyuma na kuzigawa kwa mbili bei zote za kabla ya hapo.

Tovuti haikudanganya mtu. Ilinipa bei ya kipande kidogo, nami nikaizidisha kwa idadi ya vipande vikubwa. Miaka minne yote niliikata nusu. Mara saba nilihakiki kwamba nimenakili sawasawa. Hata mara moja sikujiuliza nimenakili nini.

Haki ya maskini iliyopungua, pamoja na mwaka ule ambao hakutoa kitu kwa neno langu, ilikuwa elfu kumi na tisa.

Sasa nieleze hofu yangu, kwa sababu nimeahidi nafsi yangu sitaificha. Nikimwambia, na moyo wake ulivyo, huenda nikamuua. Nisipomwambia, huenda akafia kwenye kitanda cha kupasuliwa akiwa na kitu shingoni ambacho maisha yake yote alikikimbia, na aliyemvika ni mimi. Nilisali nikasahau rakaa. Nilikula sikujua ladha. Nilimwona Bi Saumu mbele nikazunguka njia nyingine. Nikawa nahakiki tena, mara saba, mara kumi na nne, nikitumaini kwamba mara moja tu jibu litabadilika. Siku kumi na moja zilipita hivyo. Siku ya kumi na mbili Mwalimu mwenyewe aliniletea salamu: mbona sionekani?

Nilimkuta amelala chumba cha chini, kile kile cha chuo, maana ngazi zilikuwa zimemshinda. Mwanaidi alikuwa jikoni. Niliketi mkekani, na nikawa na miaka sita.

"Mwalimu, nilikosea."

"Rejea," alisema. Labda alidhani nasema jambo jingine. Labda hakudhani.

Nilirejea toka mwanzo. Nilimweleza gazeti, mkate wa sinia, nusu, miaka minne. Nikafika kwa elfu kumi na tisa. Alikuwa ametulia, mato yake meupe yametazama dari. Kisha niliona mkono wake ukishika shuka, ukalikunja, ukalikunjua, ukalikunja. Alikuwa anaogopa. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha zaidi ya hicho.

"Zile hisa elfu nane zilizozidi," alisema baadaye. "Mwanangu alinisomea barua. Kampuni imekupa, alisema. Nami nikaamini." Alivuta pumzi. "Nimebishana na mchuuzi kwa shilingi kumi miaka arobaini, kisha kampuni ikaniambia imenipa mali bure, nikasema alhamdulillahi. Kwani wao ni shangazi zangu?"

Sikujua kama nicheke.

"Umelijua lini hili?"

"Siku kumi na moja, Mwalimu."

"Na siku hizo kumi na moja wafanya nini?"

"Nahakiki."

Alifumba macho. "Bei ni hesabu, mtu hukosea. Lakini siku kumi na moja umekaa na haki ya Saumu mfukoni, ukiihesabu." Hakupandisha sauti. Hakuwahi kupandisha. Nililia mpaka Mwanaidi akaja mlangoni na mwiko mkononi.

Mwanawe wa Mombasa aliposikia alipiga simu, akasema atalipa yeye, mama asijisumbue. Mwalimu alikataa. "Deni limetoka kwenye hisa, hisa zilipe." Akaniuliza bei ya siku ile. Ilikuwa tisa na nusu.

"Tisa na nusu?" Mwanaidi alishika kichwa. "Mama, subiri basi ipande! Miaka ile ilikuwa arobaini na nane!"

"Na maskini wa mwaka ule aliiona hiyo arobaini na nane? Haki yake ni ya bei ya siku ile. Kuanguka kwa yeo ni kwangu mimi." Akageukia upande wangu. "Ni hisa ngapi?"

"Elfu mbili, Mwalimu. Na za ada ya wakala juu yake."

"Uza."

Alitia kidole gumba kwenye karatasi za wakala mbele ya mashahidi wawili, mimi na Mwanaidi. Hisa zile zilikuwa ndizo zinazomletea gawio la kununulia dawa, nasi sote watatu chumbani tulilijua hilo. Fedha zilipofika, sikutumwa mimi. Alimwita Bi Saumu. Nilikuwa dakani nikasikia Mwalimu anamwambia, "Hii si sadaka, usinishukuru. Hii ni yako, nilichelewa nayo. Nisamehe." Na Bi Saumu, ambaye nilimwogopa siku zote zile, akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani nimekukosea jambo." Hicho ndicho alichokibeba mwaka mzima wa mvua. Alidhani ni yeye aliyekosea.

Idi ilipita. Asubuhi ya safari, mabwana wanne walimbeba kwa kiti mpaka gatini, maana njia zetu hazipiti gari. Mashua ya kuvuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda ilikuwa imeshafungwa pale, lakini nahodha alikuwa amefungua mashine yake na kushika spana. Tulingoja. Jua lilianza kuwa kali. Mwanaidi alikwenda kutafuta maji, na nikabaki naye mimi peke yangu, nimeshika mwavuli.

"Bei katika gazeti la yana ilikuwa ngapi?" aliniuliza.

"Tisa na senti sitini."

"Una hakika?"

"Nimeitazama gazetini na mtandaoni, zimepatana. Lakini hakika, Mwalimu... sina."

"Umeitazama mara ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu?" Uso wake ulifanya jambo ambalo miaka yote chuoni sikuliona: ulicheka. Kisha kicheko kikamwisha upesi, na mkono wake ukaanza tena kukunja ncha ya buibui. Alisema kwa sauti ndogo, kama anamwambia mtu mwingine, "Naogopa."

Mimi ndiye mtu mwoga kuliko wote ninaowajua. Nilikuwa na jedwali jipya mkobani, lile lililosahihishwa, nimeliandika kwa mkono kwa herufi kubwa ingawa hakuweza kuliona. Nikalitandaza magotini pake. Nikakishika kidole chake cha shahada, kilikuwa baridi, nikakiweka juu ya mstari wa kwanza.

"Hapa," nilisema. "Mwaka wa kwanza. Bei arobaini na nane, hisa elfu nane. Imetolewa."

Nikakisogeza chini. "Mwaka wa pili. Hamsini na mbili, hisa elfu nane. Imetolewa."

Alikuwa akifuata, midomo yake ikitikisika bila sauti. Mwaka wa tatu. Wa nne. Wa tano, hisa zilipokuwa elfu kumi na sita, nilikiachia kidole chake kipumzike kidogo pale kabla ya kuendelea. Tulikwenda hivyo mpaka mstari wa mwisho, ule wa mwaka ambao hakutoa kitu, na nikasoma nao pia: "Imetolewa."

Mkono wake ulikuwa umetulia. Nahodha alipiga chuma kwa spana, akatukana taratibu, akaomba radhi kwa Mwalimu.

"Rejea," alisema.

Nikakirudisha kidole chake juu, mwaka wa kwanza, na nikaanza upya, kwa sababu mashine ya mashua ilikuwa bado haijawaka.